Kimeta: kisu cha haraka hakiondoi maradhi

Mfugaji mwenye ng'ombe watatu akiamka na kumkuta mmoja amelala chini akihema kwa shida, fikra ya kwanza humjia: achinjwe upesi kabla roho haijamtoka. Akishakufa ni nyamafu, na nyamafu ni haramu kwetu. Akiwahiwa kwa kisu, nyama italiwa au itauzwa na hasara itapungua. Fikra hii tunaielewa, kwani ng'ombe ni ada ya shule na ni akiba ya nyumba. Lakini iwapo mnyama huyo ana kimeta, kisu hicho ndicho kinachoufungulia ugonjwa mlango.

Kimeta husababishwa na bakteria ambaye Robert Koch wa Ujerumani alithibitisha mwaka 1876 kuwa ndiye chanzo chake. Ndani ya mnyama, bakteria hao huzaliana kwa wingi katika damu. Damu hiyo inapomwagika na kukutana na hewa, hujifunika gamba gumu, na kwa hali hiyo huweza kukaa udongoni kwa miongo mingi, hadi mnyama mwingine aje kulisha hapo. Jua haliwamalizi, na chungu kinachochemka si dhamana.

Dalili kubwa kwa mifugo ni kifo cha ghafla. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na njia ya haja. Mzoga huvimba upesi na viungo havikakamai kama ilivyo kawaida.

Binadamu huambukizwa kwa njia tatu. Iliyo ya kawaida zaidi ni ngozi: mchunaji mwenye mkwaruzo mkononi huota kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi. Kidonda hicho hakiumi, na hapo ndipo wengi hughafilika. Ya pili ni kula nyama yenye vimelea, ambayo huleta homa, maumivu makali ya tumbo na kuhara damu. Ya tatu, iliyo adimu na ya hatari zaidi, ni kuvuta vimelea kwa pumzi, hasa katika kazi za ngozi na sufu.

Habari njema ni kwamba maradhi haya hutibika kwa dawa za antibiotiki, mgonjwa akiwahi hospitali na kueleza wazi kuwa alishika au alikula nyama ya mnyama aliyeugua.

Kwa hiyo, mnyama akifa ghafla asichinjwe, asichunwe, wala asipasuliwe. Watoto na mbwa wazuiwe kumkaribia, na daktari wa mifugo aitwe ili asimamie kumchoma au kumfukia kwa kina kisichopungua mita 2. Mifugo iliyobaki ichanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka katika maeneo yenye historia ya ugonjwa huu.

Tuwaambie wachinjaji wetu pia: kutimia kwa masharti ya kuchinja hakumfanyi mnyama mgonjwa kuwa salama. Dini iliyotuharamishia nyamafu imetukataza vilevile kujidhuru na kuwadhuru wenzetu. Anayemgawia jirani nyama asiyoiamini amemgawia msiba. Hasara ya ng'ombe ni nzito, lakini Mwenyezi Mungu akijaalia hufidiwa; mzazi aliyeondoka hana fidia.