Stempu za Kale na Chapa za Uongo

Katika zama hizi ambapo biashara imehamia mitandaoni, stempu za kale za Zanzibar huuzwa baina ya watu wasioonana. Muuzaji hutoa picha moja na maneno mawili matatu ya sifa. Mnunuzi hupeleka fedha. Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wetu ni na wale wanaouza uongo kwa jina la Visiwa vyetu.

Yafaa wananchi waielewe hila yenyewe. Mwaka 1895 zilitumika hapa stempu za Bara Hindi zenye sura ya Malkia Victoria, zikiwa zimepigwa juu yake chapa ya neno "Zanzibar". Stempu nyingi za Bara Hindi zisizo na chapa hiyo ni za bei ndogo. Thamani imo katika herufi nane tu. Kwa hiyo mghushi hana haja ya kughushi stempu: hununua ya halali, akaongeza herufi. Tena wapiga chapa wa wakati ule walikosea, wakaandika hata "Zanzidar", na kosa likawa ghali kuliko usahihi. Basi waghushi nao wamejifunza kukosea.

Ndivyo ilivyo pia kwa stempu zilizopigwa "JAMHURI 1964" baada ya Mapinduzi. Za mwanzo zilipigwa kwa muhuri wa mkono, na mkono wa mtu haulingani. Kupinda kwa chapa si ushahidi wa uongo, wala kunyooka si ushahidi wa ukweli. Kinachofaa kutazamwa, kwa kioo cha kukuzia, ni wino: ikiwa chapa imelala juu ya muhuri wa posta, basi iliwekwa baada ya stempu kwisha kazi yake. Hilo picha ya simu haiwezi kulithibitisha.

Anayeumia zaidi, kwa maoni yetu, si tajiri wa ng'ambo. Ni mjane mwenye barua za marehemu mumewe sandukuni, ambaye stempu zake za kweli hushukiwa pamoja na za uongo. Tunamsihi asizibandue katika bahasha, kwani muhuri kamili wa posta, pamoja na tarehe yake, ndio shahidi wake.

Nao wakuu wa Nyaraka, Kilimani, pamoja na wenzao wa Posta, tunawaomba wateue siku moja kila mwezi ambapo mwananchi ataweza kupeleka bahasha yake ikalinganishwa na chapa zisizo na shaka. Kioo cha kukuzia na meza iliyo karibu na dirisha vitatosha kwa kuanzia.