Wasichana Nao Wapige Ngoma

Nina neno la kusema juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya Juni.

Katika likizo hiyo mjomba wangu, ambaye bado anayo mashine ya santuri, alinipigia santuri ya Kimarekani ya mwaka 1976. Waliopiga ni wasichana watupu wa Los Angeles, na ilipotoka hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametimiza miaka 18. Kundi lao liliitwa The Runaways, yaani Watoro, na santuri hiyo, iliyokuwa yao ya kwanza, ina jina lilo hilo. (Najua jina hilo peke yake latosha kumwamsha mwalimu wa zamu usiku wa manane.)

Nilitazamia sauti nyororo, kumbe ni muziki wa roki mzito, magitaa yananguruma kama lori lipandalo mlima. Mwimbaji ni Cherie Currie. Joan Jett yuko kwenye gitaa la rithimu, Lita Ford anapiga solo, na Sandy West anapiga ngoma. Huyo Sandy ndiye aliyeniteka. Hapigi kwa haya wala kwa kubembeleza. Kila pigo latua mahali pake, na wenziwe wote wanamfuata. Mjomba aliniambia nifumbe macho niseme kama apigaye ni mwanamume au mwanamke. Nikafumba, nikamjibu kwamba ni mtu anayeijua kazi yake.

Sisemi yote yaliyomo ni mema. Maneno ya baadhi ya nyimbo siwezi kuyaimba mbele ya mama. Bwana aliyewasimamia, Kim Fowley, aliwatangaza kwa ukorofi kuliko kwa ufundi, nadhani ndiyo maana wengi walikuja kutazama badala ya kusikiliza. Tena gitaa la besi katika santuri hiyo alilipiga mwanamume, Nigel Harrison, ingawa kundi lilikuwa na mpiga besi wake, Jackie Fox. Jambo hilo liliniudhi kuliko maneno ya nyimbo. Ikiwa msichana hapigi siku ya kurekodi, atapiga siku gani?

Kwao santuri haikuvuma. Katika orodha ya santuri 200 za Marekani ilifika nafasi ya 194. Wajapani ndio waliowapokea kwa shangwe walipozuru huko mwaka 1977. Kundi likavunjika 1979. Lakini mwaka 1982 Joan Jett, akiwa na kundi jingine, alikuwa na wimbo uliokaa wa kwanza Marekani kwa majuma saba. Ufundi huo hakuuokota siku hiyo. Alianza kuutafuta akiwa mdogo kuliko mimi, kwa sababu gitaa lilikuwa mkononi mwake.

Sasa nije kwetu. Chama cha muziki kina magitaa mawili na seti moja ya ngoma. Tangu nifike hapa sijaona msichana akivigusa vyombo hivyo, ila siku ya kuvifuta vumbi kabla ya mahafali. Sisi kazi yetu ni kuimba na kucheza mbele. Nilipomwomba kiongozi mmoja wa chama nijaribu ngoma, alicheka, akasema mikono ya kike itachoka upesi. Mikono hii hii hubeba ndoo za maji mpaka bwenini kila alfajiri, wala hakuna aliyewahi kuiuliza habari za uchovu.

Labda msomaji atasema hayo ni ya Wamarekani, si desturi yetu. Basi aulize habari za Tausi, kikundi cha taarabu cha Unguja, ambacho wapigaji wake ni wanawake.

Wazazi wetu wasiogope, siombi ruhusa ya kutoroka. Naomba stoo ya vyombo ifunguliwe kwa wasichana siku moja katika juma, tuseme Jumamosi baada ya usafi. Mimi nina mtihani mwezi wa Novemba, sitafaidi sana. Lakini yuko binti mmoja wa kidato cha kwanza ambaye hupiga meza ya bwalo kwa vijiko viwili mpaka anakemewa. Ningependa kumsikia kwenye ngoma kabla sijaondoka.