Kitambaa Kilichobaki ni cha Nani?

Dada zetu wa pwani walioolewa Milimani, mjini Kisumu, wametuuliza: wavihifadhi vipi vifaa vyao vya kushonea kofia, madera na foronya, ilhali vyumba ni vidogo na makabati ya dukani ni ghali? Swali ni la nyumbani, lakini fiqhi imo ndani yake.

Wengi huanza kwa kupanga rangi, nyeupe huku na nyeusi kule. Sisi twaona waanze kwa kupanga wenyewe. Kitambaa alichokileta jirani ashonewe dera ni amana mikononi mwa fundi, na kinachobaki baada ya kukatwa ni cha jirani vilevile, mpaka atamke kwamba amekiacha. Vijipande visivyofaa hata kiraka, desturi imevisamehe. Nusu mita ya hariri si kijipande. Tumewahi kusikia fundi akijitetea, "Mwenyewe hakuuliza." Kutouliza si kutoa, huenda hata hakujua kwamba kimebaki.

Basi pawe na mahali patatu: pa vitu vya wateja, pa vitu vya chama, na pa vitu vya mwenye nyumba mwenyewe. Hapa pa tatu twasema na waume pia. Cherehani na nyuzi alizonunua mke kwa fedha zake ni mali yake, wala haziuzwi bila ridhaa yake. Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akilainisha ngozi na kushona kwa mikono yake, na kipato chake akakitoa sadaka apendavyo.

Kila furushi la mteja lifungwe na kikaratasi chenye jina, tarehe na fedha iliyokwisha kupokewa, na hayo hayo yaandikwe katika daftari. Tulipata kuitwa katika nyumba ya marehemu kusaidia mirathi, tukakuta chini ya kitanda magunia mawili ya vitambaa visivyo na alama. Majirani wakaja na madai yao, watoto wasijue kipi ni cha mama yao na kipi ni deni juu yake. Mambo yakakwama kwa siku nyingi, kwa mali ambayo yote pamoja isingenunua mbuzi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia hapasi kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Daftari la fundi ni sehemu ya wasia huo.

Ama vyombo, havihitaji fedha nyingi, na aya ya 26 na 27 za Sura ya Al-Israa zatosha kutukumbusha habari ya ubadhirifu. Mikebe ya maziwa ya unga yafaa kwa vifungo na shanga, ndoo za mafuta ya kupikia zenye vifuniko kwa nyuzi, maboksi ya viatu kwa lesi na zipu. Masanduku ya safari yaliyotumika, yapatikanayo soko la Kibuye, huingia uvunguni vizuri.

Adui wa Kisumu ni unyevu, khasa wakati wa masika. Masanduku yasiwekwe juu ya sakafu tupu wala kugusa ukuta; ubao juu ya matofali manne watosha. Kofia nyeupe ifungwe katika kitambaa safi cha pamba kinachopitisha hewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, nasi hatuililii, kwani hufungia unyevu ndani. Sindano zichomekwe katika kitambaa chenye matone ya mafuta ya cherehani zisishike kutu, kisha zipanguswe kabla ya kugusa kofia. Wanaosuka vikapu vya gugu maji wakaushe mabua mpaka yasiwe na ubichi wowote, la sivyo huota kuvu na kuviambukiza vya jirani yake. Vidonge vya naftalini vifanana na peremende, navyo ni sumu. Penye watoto wadogo, karafuu katika kifuko ni salama zaidi.

Limebaki swali gumu: vitambaa vya zamani ambavyo mwenyewe hajulikani tena. Kwanza atafutwe kwa dhati, kwa simu, kwa majirani, na kwa kuulizia msikitini na katika madrasa. Akikosekana kabisa, wanazuoni wengi wameona kitolewe sadaka kwa nia ya mwenyewe, thawabu iwe yake. Mashuka na vifuko vya misahafu kwa mayatima vyaweza kushonwa humo. Thamani yake iandikwe daftarini kabla ya kutolewa, kwani mwenyewe akitokea baadaye asiridhike na sadaka ile, hulipwa.