ANAYEMFUNGIA KABWELA MLANGO, AMPE UNGA KWANZA



Yako maneno yanayosemwa na watu walioshiba, nayo hayana budi kujibiwa. Wanasema kwamba mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika ya Mashariki, watu wa chini katika miji walikuwa wakaidi. Waliambiwa wakae nyumbani, wakatoka. Waliambiwa wasisongamane, wakasongamana. Kwa hiyo, wasemavyo mabwana hao, fimbo na moshi wa machozi vilikuwa ni haki yao.

Maneno hayo ni uongo, na tena ni matusi. Kutoka nje si ukaidi ikiwa nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, ndani wamo watu sita, choo ni cha wapangaji wote, maji ni ya ndoo ya kununua, na unga umekwisha tangu jana. Mtu huyo hakukataa amri. Amri ndiyo iliyomkataa yeye, kwani iliandikwa na mtu mwenye mshahara, kwa ajili ya watu wenye mishahara.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi na tumweleze.

MTAJI WA KABWELA NI FAIDA YA JANA

Karani wa ofisini akiambiwa akae nyumbani siku 14, mwisho wa mwezi hupata mshahara wake. Mwenye duka kubwa hufunga duka lake, na bidhaa zake humngoja ndani. Lakini mama lishe, muuza mananasi, mchukuzi wa sokoni, kijana wa bodaboda na fundi viatu wa kando ya njia, hawa fedha ya leo wameipata jana. Mama lishe hununua mchele wa leo kwa faida ya chakula alichouza jana. Mumlaze siku tatu bila kazi, naye hana la kufanya ila kuula mtaji wake na wanawe. Siku ya nne mkimfungulia mlango, hawezi tena kuanza, maana kitu cha kuanzia kimekwisha liwa.

Hapa ndipo mabwana wakubwa walipokosa hesabu. Walidhani kwamba kumfungia kabwela majuma mawili ni kumnyima kipato cha majuma mawili. La, hasha! Ni kumnyang'anya kazi yake yote. Mlango hufunguliwa kwa tangazo moja la redio, lakini mtaji ulioliwa haurudi kwa tangazo.

YALIYOTOKEA KWA MAJIRANI ZETU

Tazameni Kenya. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyohiyo, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, polisi waliwapiga kwa virungu na kuwatupia moshi wa machozi wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao. Je, watu hao walikuwa wakivunja amri? Walikuwa wakijitahidi kuitii! Siku tatu baadaye, huko Mathare, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba ya kwao. Ilipofika Juni 2020, mamlaka ya Kenya inayosimamia mwenendo wa polisi ilikuwa imekwisha pokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na polisi katika kuilazimisha amri hiyo. Amri iliyotungwa ili kuokoa roho za watu ikageuka kuwa ya kuzitoa.

Tarehe 10 Aprili, watu wa Kibera walikanyagana wakigombania chakula cha msaada. Mwisho wa mwezi huo, habari za mama mmoja wa Mombasa zilienea dunia nzima: aliinjika mawe jikoni ili watoto wadhani kuna chakula kinachoiva, wapate usingizi. Tarehe 4 Mei, katika mvua za masika na katikati ya amri ya kutotoka nje, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu kule Kariobangi, Nairobi. Semeni wenyewe, ndugu zangu: mkono mmoja wa serikali unamwambia mtu akae nyumbani kwake, na mkono wa pili unaibomoa nyumba yenyewe. Atakaa wapi?

Tazameni Uganda. Mwisho wa Machi 2020 magari ya abiria yalisimamishwa, na bodaboda wakakatazwa kupakia watu. Wanawake wauza vyakula katika masoko ya Kampala waliambiwa walale humohumo sokoni, mbali na watoto wao, kwa sababu mji unahitaji kula. Kumbe kabwela ni mtu wa lazima, ila hakufikiriwa malazi! Serikali iligawa unga kilo 6 na maharage kilo 3 kwa mtu, na kwa hilo tunaipa haki yake. Lakini mwezi huohuo wa Aprili, mbunge Francis Zaake alikamatwa kwa sababu aliwagawia watu wake chakula. Na shule za nchi ile, zilizofungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtoto wa tajiri alisoma kwa kompyuta. Mtoto wa kabwela alikwenda kuuza ndizi, na wengi wao hawakurudi tena darasani.

Wala msidhani kwamba haya ni ya Afrika peke yake. Huko India, tarehe 24 Machi 2020, serikali ilitoa ilani ya saa nne tu kabla ya kuifunga nchi nzima. Vibarua wa mijini, wasio na kazi wala kodi ya chumba, walishika barabara kwa miguu kurudi vijijini kwao, mamia ya kilomita, watoto mabegani. Kumbe kabwela wa Mumbai na kabwela wa Mathare ni ndugu, hata kama hawajaonana.

NA SISI JE?

Sasa yuko atakayesema: "Hayo ni ya wenzetu. Sisi Tanzania hatukufungiwa, basi hatuna la kujadili." Ndugu huyo naye ajibiwe, maana haya ndiyo maneno yanayotulaza usingizi.

Ni kweli, hatukufungiwa ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, mikutano ikazuiwa, daladala za Dar es Salaam zikaamriwa zipakie abiria wa kukaa tu. Lakini masoko yaliachwa wazi. Rais Magufuli alikataa kuwafungia watu, na katika jambo hilo aliona kitu ambacho watawala wengi wenye washauri wengi hawakukiona: kwamba mtu anayekula kwa jasho la siku haishi kwa kufungiwa.

Lakini kumwachia mtu mlango wazi si kumlinda. Mwaka 2020 hesabu ya serikali ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha serikali ikanyamaza. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna hesabu iliyotolewa. Je, ni nani aliyeumia kwa kimya kile? Tajiri alikuwa na daktari wake, na jamaa wa ng'ambo wa kumpigia simu. Kabwela hana daktari ila zahanati ya serikali, na hana gazeti la ng'ambo. Yeye hutegemea neno la serikali yake, na neno hilo halikuja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilikuwa hadi Aprili 2021 ndipo Rais Samia alipounda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa yeye mwenyewe mbele ya watu. Hapo tena wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kuambiwa kwamba hakuna ugonjwa, na chanjo ikatazamwa kama sumu. Uongo wa mwaka mmoja haufutwi kwa hotuba ya siku moja.

Basi yuko mtawala aliyefunga bila kutoa chakula, na yuko aliyeacha wazi bila kutoa habari. Njia zao ni mbili, lakini waliyemwacha njiani ni mtu mmoja.

CHALINZE NI MTOTO WA BARABARA

Sisi wa Chalinze tuna sababu ya kulitazama jambo hili kuliko wengi. Mji wetu umezaliwa na njia panda: hii yakwenda Morogoro, na mbele yake Tunduma na Rusumo, ile yakwenda Tanga, Moshi na Arusha. Tunakula kwa magurudumu. Mahindi ya kuchoma, mananasi ya Kiwangwa, sahani ya wali, kitanda cha utingo, pancha ya tairi, vyote hivyo vyamngoja msafiri.

Hata bila mtu kutufungia, mlango wetu ulifungwa kutoka mbali. Tarehe 11 Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde, uso kwa uso na Tunduma. Siku chache baadaye Kenya nayo ilizuia watu kupita katika mipaka yake nasi, na madereva wa malori wakawa wa kungoja vipimo. Ndege za watalii zilikuwa zimekwisha simama. Lori lililosimama Tunduma halinunui wali Chalinze. Mwenye kufikiri na afikiri: neno moja likisemwa Lusaka, sufuria moja hugeuzwa kifudifudi kwetu.

Na maji? Tuliambiwa tunawe mikono kila saa. Shauri jema. Lakini watu wa Chalinze tunaijua vizuri ndoo ya kununua, na mwenye ndoo mbili kwa siku hufikiri kwanza chungu, kisha mtoto, ndipo mikono.

JAMBO HILI NI LA ZAMANI

Kutumia maradhi kumtenga maskini si jambo jipya. Wakoloni walipoipanga Dar es Salaam waliigawa: Uzunguni kwao, Uhindini kwa wafanya biashara, Kariakoo kwa Mwafrika, kisha wakaacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja katikati, eti kwa ajili ya afya. Afya ya nani? Hawakupeleka maji na mifereji Kariakoo kama walivyopeleka kwao. Walimtazama Mwafrika kuwa yeye ndiye ugonjwa. Mkoloni alikwisha ondoka, lakini yeyote anayempiga kabwela kirungu kwa sababu ya homa bado anatumia ramani ya mkoloni.

TUNALODAI

Maradhi mengine hayapigi hodi. Homa ya Marburg iliingia Kagera mwaka 2023, ikarudi Biharamulo mwaka 2025. Yatupasa tudai sasa, wakati hakuna msiba, haya yaandikwe katika sheria:

Kwanza, mtaa usifungwe kabla chakula hakijafika, wala si baada. Mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa vitongoji wanajua nani yuko nyumba gani. Orodha ianzie kwao, isianzie ofisini.

Pili, katika siku za kufungwa mpangaji asitolewe chumbani kwa ajili ya kodi, na maji yaletwe bure.

Tatu, hesabu ya wagonjwa na ya vifo itangazwe kila siku, iwe nzuri au mbaya.

Nne, polisi wasipewe kazi ya mganga. Kuumwa si kosa la jinai.

Tano, siku ya kufungua, mtaji urudishwe. Iko asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliyowekwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu yake itengwe kwa siku ya dhiki.

Watauliza: fedha zitatoka wapi? Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa jina la kupambana na korona, na madarasa 15,000 yakajengwa. Ni kitu chema, nasi tunakisifu. Lakini mwezi uleule wamachinga wa Dar es Salaam walikuwa wakiondolewa kando ya barabara. Kwa hiyo fedha hupatikana. Linalokosekana ni kumkumbuka mtu wa chini zinapogawanywa.

Na ikiwa kweli hazipo, basi jibu ni fupi: serikali isiyoweza kumlisha mtu siku 14 haina haki ya kumfungia siku 14. Itafute njia nyingine, na iitafute pamoja naye.

Ndugu wanachama, yapelekeni maneno haya kwenye mikutano ya matawi. Muulizeni kila diwani na kila mbunge atakayekuja kuomba kura: siku ile ikija tena, unga wetu uko wapi? Asiyekuwa na jibu, naye akae nyumbani.