Anayelilia Chevrolet analilia mshahara

BARAZA LA JUMATANO
Na Hamisi Nshimiyimana

Kila mwezi wa Agosti, barabara ya Woodward, inayounganisha Detroit na mji wa Pontiac katika jimbo la Michigan, hujaa magari ambayo viwanda viliacha kuyatengeneza zamani. Chevrolet Bel Air za rangi mbili, Mustang za mwanzo za 1964, Cadillac zenye mapezi nyuma, yote yanapita taratibu huku watu wamekaa pembeni kwenye viti vya kukunja. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1995, na tangu hapo mambo ya kulilia yamezidi. Oldsmobile ilizikwa 2004. Pontiac, chapa yenye jina la mji huohuo, iliondolewa na General Motors 2010. Aprili 2018 Ford ikatangaza kwamba kati ya magari madogo ya kawaida itabakiza Mustang na Focus Active tu katika soko la Marekani. Dodge nayo, ilipotoa Charger ya umeme, iliifungia spika za kutoa mngurumo wa injini isiyokuwemo. Ni rahisi kuwacheka watu wanaolilia magari ya namna hiyo. Mimi naona wana jambo la kutuambia sisi wa Kimironko, hapa Kigali, ambao petroli inatuaga mapema kuliko inavyowaaga wao.

Kwanza tuelewe wanalilia nini. Kama ni ubora wa magari, kilio hakina msingi. Yale yalikuwa magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi na kuua watu ovyo. Ilibidi Ralph Nader aandike kitabu mwaka 1965, akianza na Chevrolet Corvair, ndipo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya usalama wa magari mwaka uliofuata. Lakini tazama kilichokuwa nyuma ya magari hayo. Mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari, kikiongozwa na Walter Reuther, kilitia saini na General Motors mkataba wa miaka mitano uliompa mtu wa kiwandani pensheni, bima ya matibabu na mshahara unaopanda bei za vitu zinapopanda. Mtu asiye na shahada aliweza kujenga nyumba, kusomesha watoto na kununua gari lilelile alilolifunga boliti. Katika mji wa Flint peke yake, mwishoni mwa miaka ya 1970, General Motors iliajiri watu karibu 80,000. Leo waliobaki ni sehemu ndogo ya idadi hiyo. Detroit ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Sensa ya 2020 iliwakuta hawafiki 640,000. Kwa hiyo anayesimama Woodward na kufuta machozi Bel Air inapopita analilia mshahara wa baba yake. Gari ni shahidi tu.

Atatokea wa kupinga: mbona matajiri wasiowahi kushika spana ndio wanaoyanunua kwa bei za kutisha kwenye minada? Ni kweli, tajiri hununua chochote kilichokuwa adimu, awe amekililia au hakukililia. Mnada lakini hauelezi umati wa barabarani, usionunua kitu. Nenda pia Cuba, ambako magari yaleyale yamekwama tangu vikwazo vya Marekani vilipoanza zaidi ya miaka 60 iliyopita. Pale Havana Chevrolet ya 1955 ni teksi, mara nyingi imepachikwa injini ya dizeli iliyotolewa kwenye chombo kingine, na mwenye nayo hailii hata kidogo. Anaipaka rangi, anaichongea spea, anapakia abiria. Majonzi ameachiwa mtalii. Gari likiwa bado linaleta ugali nyumbani halihitaji kukumbukwa. Likiacha kuuleta, ndipo wimbo unapoanza.

Gari la Kimarekani lenyewe halikuwahi kuwa letu sana katika Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanganyika zilifuata Waingereza kuendesha upande wa kushoto, na hilo peke yake lilitosha kuwapa kina Austin, Morris na Land Rover soko. Mwaka 1964 Wamarekani walileta timu nzima ya Mercury Comet kwenye Safari Rally ili waioneshe dunia. Nyingi ziliishia matopeni, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina yake iliyotengenezwa Uingereza. Upande wetu wa magharibi, yaani Rwanda, Burundi na Kongo, tuliendesha kulia kama Detroit, na General Motors ilikuwa na kiwanda Antwerp tangu miaka ya 1920, huko huko kwa Wabelgiji waliotutawala. Lakini gari kubwa la aina hiyo lilikuwa la bwana mkubwa. Hakuna kijana wa hapa aliyeoa kwa sababu ya Cadillac. Magari yaliyoozesha watu na kujenga nyumba ni Toyota Hiace, Corolla iliyokwisha kuzeekea Ulaya, na baadaye pikipiki ya TVS au Bajaj.

Hiace tunazoziita twegerane zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndizo zilizotangulia kuondoka, na hazikuondolewa na umeme. Moja ililisha mwenye gari, dereva anayepeleka hesabu jioni, konda, fundi wa gereji na kijana wa kuosha. Mwaka 2013 mamlaka ya udhibiti ya RURA iligawa njia za mji wa Kigali kwa watoa huduma watatu, KBS, Royal Express na shirikisho la RFTC, na mabasi makubwa yakachukua nafasi. Abiria wa kituo cha Kimironko alipata faida: ratiba zaidi, msongamano pungufu wa magari madogo, baadaye kadi ya kugusa badala ya kubishania chenji. Sitaki Hiace zirudi. Nasema tu kwamba mwenye Hiace moja alitoka kwenye orodha ya wamiliki, akawa, akibahatika, dereva wa basi la mwenzake. Takwimu za usafiri zinahesabu viti na abiria. Mabadiliko ya aina hiyo hazihesabu. Yanabaki kwenye masimulizi ya wazee, na sisi tunayaita kuota ya zamani.

Sasa zamu imefika kwa pikipiki. Kampuni ya Ampersand ilitoa pikipiki zake za kwanza za umeme za kubeba abiria hapa Kigali mwaka 2019, na wengine wakafuata. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haiandikishwi tena kwa kazi ya abiria katika mji huu, ingawa zilizokuwepo zimeachwa ziendelee. Nauunga mkono uamuzi huo, na sababu si za kutafuta kwa tochi. Petroli yetu inatoka nje kupitia Dar es Salaam au Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, na inalipiwa kwa dola. Umeme sehemu yake kubwa tunauzalisha wenyewe, ukiwemo wa gesi ya Ziwa Kivu ambayo mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza kuwa megawati 26 tangu 2016. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayezunguka na ya umeme siku nzima kati ya Kimironko, Remera na Nyabugogo anatumia pesa pungufu kwa kilomita moja, habadilishi oili, na haachi moshi nyuma yake kwenye mlima.

Hata hivyo kuna kitu kimoja kinachohama kimyakimya. Katika mtindo uliotawala hapa, motari ananunua pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni. Ikiisha, anakwenda kituoni, anaacha tupu, anachukua iliyojaa, analipa. Pikipiki isiyo na betri ni fremu yenye magurudumu mawili. Mwenye TVS ya petroli akigombana na kituo kimoja cha mafuta huenda kingine; akikosa pesa ya gereji kubwa humwita fundi wa mtaani mwenye spana mbili na kipande cha waya. Mwenye pikipiki ya umeme hana pa kukimbilia ikiwa betri ya kampuni nyingine haiingii kwenye chombo chake. Na programu inayoiendesha ina mlango ambao fundi wa mtaani hana ufunguo wake.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja nzito. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ingeuzwa pamoja na pikipiki, vijana wengi wasingeigusa, na ikizeeka hasara ingekuwa yao badala ya kuwa ya kampuni. Nakubali yote. Hoja yao nyingine ni kali zaidi: motari wa petroli naye alikuwa huru lini? Wengi wao waliendesha chombo cha mtu na kupeleka hesabu kila siku, wakabanwa na bima, faini na michango ya ushirika. Januari 2022 walijikusanya barabarani hapa Kigali kulalamikia mita na gharama hizo, na malalamiko yao hayakuhusu betri. Ni sahihi kabisa, na ndiyo maana sitaki tupambe siku za petroli kama Woodward inavyopamba miaka ya 1950, wakati ambao mfanyakazi mweusi alisukumwa kwenye tanuri na chumba cha rangi. Lakini mfumo ule mbovu ulikuwa na ngazi. Uliendesha ya mtu, ukaweka akiba, ukanunua mtumba uliochoka, ukaukarabati, ukawa na cha kwako. Ninachouliza ni kama ngazi hiyo imo kwenye mfumo mpya, au tumejenga ghorofa tukasahau ngazi.

Ili ngazi hiyo iwemo, hatuhitaji kurudisha nyuma chochote. RURA hutangaza bei ya juu ya petroli kila baada ya miezi miwili, na kila motari anaijua. Sioni sababu bei ya kubadilisha betri isiingizwe kwenye utaratibu huohuo. Vyuo vya ufundi vinaweza kuwafundisha mafundi wa mtaani waliopo, si wanafunzi wapya peke yao, na kampuni zikalazimishwa kuwauzia spea na kuwafungulia vifaa vya kupima hitilafu. Umbo la betri na soketi yake vikiwekewa kiwango kimoja, kampuni zitashindania wateja kwa huduma badala ya kuwafungia ndani. Jepesi kuliko yote ni suala la kuuza. Mwenye pikipiki ya petroli aliyechoka na kazi hii anaiuza Jumamosi, na Jumatatu anafungua kibanda sokoni. Mwenye ya umeme apewe haki ileile: akiuza chombo, mkataba wa betri umfuate mnunuzi bila ada mpya wala kuomba ruhusa. Hiyo ni kanuni ya ukurasa mmoja, na ni afadhali iandikwe sasa, wakati kampuni bado zinawatafuta wateja.