Kalemie: Vitabu viko kwenye kabati, lakini ni nani anashika ufunguo?

Kalemie, mkoa wa Tanganyika – Ukiuliza katika shule nyingi za sekondari hapa Kalemie kama kuna maktaba, ama biblioteki kama vile watu wamezoea kusema, utaambiwa ndiyo, iko. Ni kabati moja la chuma katika ofisi ya prefe, ama chumba kidogo nyuma ya sekretaria, ambamo vitabu vinalala pamoja na mipira iliyopasuka na madawati yaliyovunjika. Ukiuliza tena ni nani anayeshughulika nayo, hapo jibu linachelewa.

Kila mara maktaba ya shule inapozungumziwa, watu wanaongea juu ya vitabu: viko vingapi, vimechakaa kiasi gani, ni nani atatoa vingine. Ni kweli vitabu ni vichache. Lakini hata hivyo vichache havisomwi, na uchache si sababu yake. Sababu ni kwamba hakuna mtu ambaye kazi yake, saa zake na mshahara wake vinahusu vitabu hivyo. Maktaba isiyokuwa na mtu ni depo tu, na depo kazi yake ni kufungwa.

Wanaoshika ufunguo

Pale ambapo jina la mtu linatajwa, mara nyingi anakuwa mmoja kati ya watu watatu. Wa kwanza ni mwalimu anayefundisha saa zake zote kwa juma, halafu anaambiwa aangalie na maktaba. Atafungua saa ngapi? Wakati wanafunzi wako darasani, naye yuko darasani. Wakati wa mapumziko anasahihisha kazi. Saa ya kutoka, anakimbilia shule nyingine ama shamba lake, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi kulisha nyumba.

Wa pili ni sekretere. Huyu anaandika barua, anapokea wazazi, anahesabu feza za shule, anatafuta vyeti vya zamani. Mwanafunzi akija kuomba kitabu, anaonekana kama anasumbua.

Wa tatu ni mwalimu ambaye hawezi tena kusimama mbele ya darasa kwa sababu ya uzee ama ugonjwa, akapelekwa kwenye vitabu ili apate mahali pa kukaa. Si vibaya kumheshimu mwalimu mzee kwa njia hiyo, na wako wazee wanaopenda vitabu kuliko vijana. Lakini mtu akiwekwa pale kwa sababu hakuna pengine pa kumweka, wanafunzi wanaelewa haraka. Wanaona kwamba hata wakubwa wa shule wanahesabu maktaba kuwa mahali pa kupumzikia.

Wote hao watatu hawakuchaguliwa kwa ajili ya kusoma. Hakuna aliyefundishwa kazi hiyo, hata kwa siku mbili.

Hofu ya kusaini

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalofunga makabati mengi. Prefe anapoingia shuleni anafanya makabidhiano na yule anayeondoka. Anasaini orodha ya vitu: madawati, mbao, mashine, vitabu. Siku atakapoondoka, naye ataulizwa juu ya orodha ile ile. Kitabu kikipotea ni deni juu ya jina lake. Kitabu kikikaa miaka kumi bila kufunguliwa na mtu yeyote, hakuna atakayemuuliza neno.

Katika hali hiyo, mkubwa mwenye akili anafanya nini? Anafunga. Si kwamba anawachukia wanafunzi. Anafanya kile ambacho utaratibu unamsukuma kufanya. Yule anayemwachia ufunguo, awe mwalimu ama sekretere, anaogopa vivyo hivyo, kwani kitabu kikipotea kitakatwa kwenye prime yake. Ndiyo maana kuna vitabu vinavyokuja vipya shuleni na kuzeeka vikiwa vipya, mpaka mchwa wavianze.

Mtunza maktaba wa kweli anapimwa kwa njia nyingine. Anaulizwa vitabu vingapi vimetoka juma hili, vingapi vimerudi, ni darasa gani halijaja hata mara moja. Katika kazi hiyo, vitabu vichache kupotea kila mwaka ni jambo la kawaida, kama vile chaki inavyoisha. Hasara kubwa ni kitabu ambacho hakikutoka.

Mtoto wa Katanika anapoteza nini

Katanika si mtaa wa watu wenye vitabu nyumbani. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipopamba moto mwaka wa 2016 na 2017, familia nyingi zilikimbia vijiji vyao zikaja kujisitiri huku pembeni ya Kalemie, na Katanika ilipokea wengi. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na mkeka. Habebi kamusi. Baadhi ya watoto waliofika wakati ule wakiwa wa shule ya msingi, leo wamefika sekondari, na wengine wako karibu na mtihani wa serkali, Exetat.

Mtihani huo unaanza na disertasyo katika ile sehemu inayoitwa hors-session. Kijana anapewa somo na anatakiwa kuandika kwa Kifaransa, mawazo yake yakipangwa vizuri, mwanzo, katikati na mwisho. Nyumbani anaongea Kiswahili, Kiluba ama lugha nyingine. Kifaransa chake kinatoka mahali pamoja tu: ubao. Anakopi kile mwalimu ameandika, anakishika kichwani, anakirudisha siku ya kuulizwa. Anaweza kumaliza umanite yote bila kusoma kitabu kizima tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu watu wazima wanashangaa kwamba finalisti hawezi kuandika kurasa mbili zenye maana.

Mwanafunzi wa mzazi mwenye feza atapata simu, intaneti na mwalimu wa jioni. Kwa mtoto wa Katanika, kabati lile la shule ndilo nafasi pekee ya kukutana na kitabu. Likifungwa, hana mlango mwingine.

"Kwanza walimu walipwe"

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Wana sababu. Tangu Septemba 2019 serkali ilianza kutekeleza shule ya bure kwa darasa za msingi, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi katika kifungu cha 43. Sekondari haikuwamo katika mpango huo, na mzigo ulibaki juu ya wazazi. Wako walimu wanaofundisha bila kuingia kwenye listi ya malipo ya serkali, wale wanaoitwa nouvelles unités, wakisubiri feza za wazazi tu. Prefe akiwa na walimu wa namna hiyo, feza kidogo anazopata atazigawa kwao kabla ya kufikiri juu ya mtu wa maktaba. Hakuna anayeweza kumlaumu.

Lakini hoja hiyo ina shimo. Inafikiri kwamba maktaba ni mapambo yanayokuja baada ya masomo kukamilika. Mwalimu wa jiografia anayefundisha watoto 60 bila atlasi, wakati atlasi kumi ziko ndani ya kabati mita 20 kutoka darasa lake, anafanya kazi ngumu mara mbili. Mtu wa kumwambia kwamba ziko, wa kuzipeleka darasani na kuzirudisha, angempunguzia mzigo. Mtunza maktaba hashindani na mwalimu. Anamsaidia.

Hili si wazo la kubuni. Manifesto ya maktaba za shule iliyotolewa mwaka wa 1999 na UNESCO pamoja na shirika la kimataifa la maktaba, IFLA, inamweka mtunza maktaba kama mtumishi mwenye ujuzi wake, anayetumika pamoja na walimu wote. Haimhesabu kama mlinzi wa ufunguo.

Majirani wamefanya nini

Atakayesema haiwezekani bila feza nyingi, aangalie Uganda. Karibu na mji wa Masaka kuna mahali panapoitwa Kitengesa. Mwaka wa 1999, shule ya sekondari ya pale ilianza na sanduku moja la vitabu. Baadaye maktaba hiyo ikapata jengo lake, ikafungulia na wanakijiji wa jirani. Kilicho muhimu kwa Kalemie ni namna walivyopata watu wa kutumika. Wanafunzi wa sekondari ambao wazazi wao hawawezi kulipa, wanasaidiwa feza za shule, nao wanatumika saa kadhaa katika maktaba: wanaandika vitabu vinavyotoka, wanapanga, wanawasomea wadogo. Mtoto anabaki shuleni, maktaba inabaki wazi. Mambo mawili yanatatuliwa kwa feza moja.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania walichukua njia ya serkali. Mwalimu Nyerere alifungua maktaba kuu ya taifa mjini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na baadaye nchi hiyo ikaanzisha chuo cha ukutubi Bagamoyo, ambako mtu anasomea kazi hiyo na kutoka na cheti. Hata hivyo Tanzania nayo haijamaliza tatizo, kwani huko pia shule nyingi za sekondari zinamtumia mwalimu anayefundisha huku akiangalia maktaba. Fundisho ni kwamba chuo peke yake hakitoshi. Bila nafasi ya kazi shuleni, yule aliyesoma ukutubi atatafuta kazi pengine.

Kinachoweza kuanza mwaka huu

Kazi ya serkali ibaki kwa serkali. Tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya mkoa, wabunge wa mkoa wako hapa hapa, na wakuu wa elimu wa mkoa wako hapa. Wanaweza kudai kwamba shule ya sekondari yenye idadi fulani ya darasa iwe na mtunza maktaba mwenye matrikule, anayelipwa kama watumishi wengine. Dai hilo linaweza kuchukua miaka. Kuna mengine ambayo hayahitaji kusubiri Kinshasa.

La kwanza: prefe apunguzie mwalimu mmoja saa za kufundisha, hata nne kwa juma, na saa hizo ziandikwe kwenye oreri ya shule kama saa za maktaba. Kitu kisichoandikwa kwenye oreri hakipo.

La pili: shule zilizo karibu, kama zile za upande wa Katanika, zichange na kumlipa mtu mmoja anayezunguka, siku moja hapa, siku nyingine pale. Shule moja peke yake haiwezi. Tatu ama nne pamoja zinaweza kujaribu.

La tatu: komite ya wazazi ikubali wanafunzi wachache wa darasa za juu wapunguziwe feza za shule, nao watumike katika maktaba chini ya mwalimu huyo. Wachaguliwe mbele ya watu wote, wasichana na wavulana, ili isigeuke kuwa zawadi kwa watoto wa jamaa.

La nne: wakati wa makabidhiano, orodha ya vitabu iende pamoja na daftari la vitabu vilivyoazimwa. Prefe anayeonyesha kwamba vitabu vilitoka mara nyingi na vichache vikapotea, asifiwe. Aliyerudisha vyote vikiwa na mavumbi, aulizwe kwa nini.

La tano linahusu mashirika na wanasiasa wanaopenda kupiga picha wakikabidhi makartoni ya vitabu. Atakayeleta vitabu alete na feza ya kumlipa mtu kwa mwaka wa kwanza, pamoja na siku chache za kumfundisha namna ya kuandika, kupanga na kurekebisha vitabu. Kartoni isiyokuwa na mtu inakwenda moja kwa moja kwenye depo.

Mkutano wa wazazi unakuja kila mwanzo wa mwaka wa shule. Kwa kawaida wazazi wanabishana juu ya feza, na ni haki yao. Safari hii waongeze maswali matatu: ni nani anayeshika ufunguo wa maktaba, anafungua siku gani na saa gani, na juma lililopita ni vitabu vingapi vilikwenda nyumbani na watoto? Prefe mwenye majibu apongezwe. Asiye nayo apewe mwezi mmoja, halafu aulizwe tena.