Leso Nayo Ilianza na Kitambaa cha Mkono

Majuzi nilikwenda Lugulu, katika kaunti ya Bungoma, kumzuru ndugu yangu anayefanya kazi huko. Jioni moja binti wa jirani akatokea uani amevaa gauni alilolishona kwa magunia ya sukari, mkufu wa vizibo vya soda, na kofia iliyopambwa vijiko. Nikaangua kicheko. Nikamwuliza, "Mwanangu, na jikoni kumebaki nini?" Akainamisha kichwa, akaingia ndani, asitoke tena.

Tangu siku hiyo nafsi yanisuta. Sisi watu wa pwani ndio tungekuwa wa mwisho kucheka. Mwishoni mwa karne ya 19, bibi zetu walinunua vitambaa vya mkono vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha sita sita, tatu juu tatu chini, wakajifunga. Jina lenyewe la leso latokana na neno la Kireno la kitambaa hicho. Masikioni wakatia majasi ya karatasi za rangi zilizoviringwa. Leo hayo twayaita urembo wa asili.

Na huko bara watu wamevaa akala za mipira ya magari miaka mingi, wala hapana anayeshangaa. Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1984, hutengeneza miwani kwa vyuma na takataka alizookota, na kazi yake imeonyeshwa hadi ng'ambo.

Najua wasomaji wataniuliza: na stara je? Swali la haki. Lakini gauni lile lilifika vifundoni, na mikono ilifunikwa. Stara ni kusitiri mwili, si bei ya kitambaa. Tena dini yatukataza israfu, nasi twaagiza nguo za arusi kwa mikopo, zivaliwe usiku mmoja.

Sisemi kila kioja ni sanaa. Vazi lisilokalika si vazi, na kofia ile ya vijiko naamini ilimwelemea. Lakini kosa hilo dawa yake ni fundi wa kumwelekeza, si mzee wa kumcheka.

Nimempelekea binti yule salamu za kumtaka radhi, pamoja na leso pea moja, bado haijakatwa. Mkasi na sindano anavyo mwenyewe.